Maganda ya risasi na ile dawa ya amonia

Jana nimeshinda gereji hapa Texas naosha maganda ya risasi niliyookota kwenye uwanja wa shabaha, kama mia tatu hivi, na jamani wale mnaojaza maganda upya wenyewe ili myapige tena nawaomba sana msitumie dawa yenye amonia hata kama inang'arisha vizuri. Amonia inakula shaba ya manjano taratibu mpaka ganda linapasuka. Wanajeshi wa Waingereza kule India waliliona hili zamani, maganda ya risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi yalikuwa yanapata nyufa msimu wa mvua, kumbe ni amonia ya mkojo wa farasi.

Mi natoa fataki kwanza (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), halafu maji ya moto, sabuni ya vyombo kidogo, asidi ya sitriki nusu kijiko na pini ndogo za chuma za kusugulia, vyote kwenye mashine ya kuoshea maganda, izunguke saa mbili. Suuza, kausha kabisa ndani na nje. Kagua moja moja, lenye ufa karibu na kitako tupa. Na vaeni glavu, yale maji meusi yana madini ya risasi (lead, ile metali yenye sumu), watoto wasisogee kabisa.