Namba zinamkimbia Bibi

Bibi ni mweka hazina wa kikoba chao, na kabla hajavunjika nyonga hakuhitaji daftari kujua nani anadaiwa. Leo amejumlisha hisa, akakosea, akarudia, kisha akanisukumia: "Jumlisha wewe, mjukuu wangu. Namba zinanikimbia." Lakini faini ya jirani aliyechelewa kikao aliikumbuka mwenyewe, na sababu aliyoisingizia.

Mjomba analaumu nusukaputi aliyopewa Bibi alipopasuliwa nyonga. Anasema wangemchoma sindano ya mgongo tu, asingekuwa hivi. Mwaka 2021 zilitoka tafiti mbili kubwa za wazee waliopasuliwa nyonga, moja ya Marekani na Kanada, nyingine ya China. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji hakukutofautiana sana, walale kabisa au wachomwe mgongoni. Basi Mjomba atafute mshtakiwa mwingine, maana wapo: maumivu, usiku usio na usingizi, upungufu wa maji, dawa za kutuliza, na kinga ya mwili mzima kuwaka kwa sababu ya jeraha.

Zile siku za wodini zilikuwa jambo jingine. Usiku alitaka kung'oa dripu, akamwita Mama kwa jina la marehemu dada yake. Asubuhi ametulia, anauliza kuku wamekula nini. Jioni yanaanza upya. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatushauri tutafute mtu wa kumsomea dua. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba miwani yake tulikabidhiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji pamoja na pete, vikaenda nyumbani, na saa ya kuona wagonjwa ikiisha tulitolewa wote. Mzee asiyeona vizuri, asiye na sura anayoijua, utamlaumuje akipotea? Ndugu mmoja kukaa naye ni tiba, si usumbufu.

Kuweweseka kuliisha. Hili la namba ndilo limebaki. Utafiti wa mwaka 1998 ulifuatilia watu 1,218 wa miaka 60 na zaidi waliofanyiwa upasuaji mkubwa usio wa moyo: wiki moja baadaye, kama robo yao akili ilikuwa imepungua makali, baada ya miezi mitatu, kama mmoja kati ya kumi. Miezi mitatu ya Bibi haijatimia. Kikoba kimekubali kumsubiri, ila kimempa msaidizi ambaye Bibi hampendi.

Kliniki ijayo nabeba dawa zake zote, pamoja na piritoni anazonunua dukani na kumeza kila usiku ili alale. Dawa za jamii hiyo huvuruga kumbukumbu za wazee. Mama anataka tuzifiche, daktari asije akamgombeza Bibi. Nazibeba hivyo hivyo.