Kigurudumu kilichokuwa kinarudi nyuma

Kipanya changu kilianza ukaidi kidogokidogo. Nazungusha kigurudumu kushuka, ukurasa unashuka mistari sita, saba, unaruka juu mitatu, kisha unaendelea kushuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kazi yangu ni kukagua majedwali marefu, kwa hiyo nilikuwa nasoma safu ileile mara mbili bila kujua. Nikalaumu macho. Nikalaumu kivinjari. Kompyuta nikaizima na kuiwasha mara sijui ngapi.

Kilichomaliza ubishi ni kukichomeka kipanya kwenye kompyuta nyingine: ugonjwa uleule. Mshale ulitembea sawasawa, vitufe vilibofya vizuri, ni kigurudumu tu. Jaribio la dakika moja, nami nilikuwa nimelikwepa kwa wiki mbili.

Wiki hizo mbili nilikuwa napuliza. Unaweka mdomo kwenye upenyo wa kigurudumu, unapuliza kwa nguvu zote, kinatulia hadi kesho yake. Ndiyo maana niliamini kabisa kwamba shida ni vumbi.

Skrubu zilijificha chini ya vile vipande laini vya kuteleza, tumboni mwa kipanya. Nikavibandua kwa ukucha, nikatumia bisibisi ndogo ya nyota, kifuniko kikaachia. Na kweli, kwenye ekseli ya kigurudumu kulikuwa na unywele mrefu uliojiviringisha na kukusanya donge la vumbi la kijivu. Nikautoa kwa kibanio huku nikijisifu, nikafunga, nikabandika vipande vyangu. Nikajaribu.

Kikaruka.

Safari ya pili ndipo nilipoitazama enkoda, kisanduku kidogo chenye miguu mitatu kilichochomelewa kwenye bodi. Ncha ya ekseli inaingia kwenye tundu lake. Ndani mna kisahani kinachozunguka, na vijiulimi viwili vya chuma vinavyokigusa, kila kimoja kikiwasha na kuzima umeme kwa zamu yake. Havifanyi hivyo kwa pamoja. Kimoja kinatangulia kidogo. Kipanya hutazama nani katangulia, na kwa hilo tu kinajua unapanda au unashuka. Sasa kimoja kikishika uchafu na kukosa mguso, mpangilio unavurugika, na kipanya kinaapa kwamba umezungusha kinyume. Kwa kweli nilikisamehe hapohapo. Kilikuwa kinaripoti kwa uaminifu kile kilichoambiwa.

(Vipo vipanya vinavyotumia mwanga: kigurudumu kina matundu yanayopita kati ya taa na kipokezi. Katika vipanya hivyo, unywele kama ule wangu unaweza kuwa ndio kesi yote.)

Nilidondoshea enkoda tone la spiriti safi ya isopropili, waya ukiwa umechomolewa, nikazungusha kigurudumu mbele na nyuma hadi kidole kikachoka. Siku tatu za raha. Ya nne, kikaruka tena.

Basi nikaifungua enkoda yenyewe. Imeshikwa na vikucha vya bati ambavyo unaviinua kwa ncha ya sindano, taratibu, kwa sababu ukivikunja mara mbili tatu vinakatika. Grisi ya ndani ilikuwa imegeuka tope jeusi. Nikaifuta kwa pamba na spiriti, nikavinyanyua vile vijiulimi kidogo mno, kiasi cha kutoona tofauti kwa macho, ili vikigandamize kisahani vizuri zaidi. Grisi mpya kiduchu, vikucha chini. Kama ningevunja kitu ingebidi kuchomelea enkoda nyingine, na hapo lazima upime urefu kwanza, kwa kuwa zinatofautiana kwa milimita chache na kigurudumu kingekaa juu mno au chini mno.

Sikuvunja. Mwezi wa pili sasa, safu zinashuka bila kuruka. Kinachonikera ni vile vipande vya chini: nimevibandua mara tatu, gundi imekwisha, kimoja kimeshatoweka, na kipanya kinatikisika kila ninapobofya kulia.