Siku moja maishani mwangu: fundi bustani wa nyumba za watu

Nikisema kazi yangu ni bustani, wengi wanaitikia, "Ahaa, unauza maua." Siuzi. Mimi ni fundi bustani wa kuzunguka, Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Mbezi Beach. Wateja wangu ni familia ambazo baba na mama wote wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Nyumba imeisha juzi, au haijaisha ila wamechoka kupanga wakahamia hivyohivyo, na nje kumebaki kifusi, mabaki ya tofali na vumbi. Hapo ndipo wananipigia. Hii ni Alhamisi ya wiki iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Chai, sare za shule, kiporo cha wali kwenye kontena. Kiroba changu nimekifunga tangu usiku: mkasi wa kupogolea, kisu cha kubebeshea, kamba, glavu. Jembe na reki nimeviacha kwa mteja, maana ukipanda daladala na jembe kondakta anakudai nauli ya watu wawili.

Saa 1 asubuhi, Mbezi Beach. Mteja wa kila wiki. Nimefyeka, nimepunguza mchongoma wa ukutani, nimemwagilia kabla jua halijawa kali, nimefagia. Nakusanya vitu vyangu, baba mwenye nyumba akatoka na funguo za gari mkononi.

"Dada, ule mchungwa wako umetoa malimao."

Amesema "wako" kwa sauti ya mtu anayetaka kurudishiwa hela. Nikamwomba aje tuuangalie pamoja. Mche ule ni wa kubebesha, umetoka Muheza, na ya kubebesha inakuwa miti miwili: chini mizizi ya mlimao, juu tawi la mchungwa. Nikachutama nikamwonyesha kovu la pale ilipounganishwa, shubiri moja hivi kutoka ardhini. Chini ya kovu kulikuwa na chipukizi nene limekwenda juu kuniliko, limejaa miiba mirefu. Juu ya kovu, mchungwa wenyewe ulikuwa na vijiti vitatu vilivyodumaa kivulini. Mimi nilihudumia uwani tu. Upande huu wa mbele waliniambia watauhudumia wenyewe. Kila jioni mtoto wa nyumba anamwagilia, kila mtu anafurahi kuona kijani, hakuna aliyeuliza ni kijani cha nani. Nikachuma jani la chini na jani la juu, nikayafikicha, nikampa anuse. Akanusa hili, akanusa lile. Akaniuliza, "Sasa tunafanyaje?" Nikalikata chipukizi usawa wa shina, nikamwambia kila likitokeza lingine chini ya kovu alivunje na kidole likiwa bado changa. Alichelewa kazini lakini aliondoka ananiita fundi.

Saa 4. Bajaji kutoka Afrikana kupanda Salasala. Hapa ndipo siku yangu iliposhikwa.

Nyumba hii wana kipaimara cha mtoto Jumamosi. Turubai, viti, ndugu kutoka mkoani. Tulikubaliana mapema: mbele ukoka wa kupandikiza, kwenye geti bogenvilia, nyuma matuta ya mboga. Udongo wa mbele nilishauandaa, nimeulima, nimechanganya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nimesawazisha kwa reki. Nafungua geti, nakuta mafundi wa pevingi, yale matofali ya kutandika uwanjani, wamechanganyia zege juu yake. Katikati kabisa. Maji ya saruji yametiririka mpaka ukutani na yameanza kuganda.

"Tulimuuliza mama," fundi mkuu akasema, "akasema hapo ni pa majani tu."

Nikampigia mama. Yeye yuko ofisini, mjini. "Dada yangu, si umwagie maji mengi iondoke?" Haiondoki. Saruji ina chokaa. Ikishaingia, udongo unakuwa na ukali ambao majani yanageuka manjano hata ukiyamwagilia asubuhi na jioni. Dawa ni moja, kuuchimba huo udongo wote ulioguswa na kuutoa nje, kisha kuleta mwingine. Yule kijana ninayefanya naye kazi alinitazama, akavua shati, akachukua koleo. Tukaanza kujaza viroba.

Mama akapiga tena, sasa kwa video. Ananionyesha picha aliyoitoa Instagram: nyasi zimelala kama zulia la msikitini, taa ndogondogo kila kona. "Nataka hivi hivi Jumamosi." Nikamweleza kwa mara nyingine kwamba ukoka wa kupandikiza unapandwa kipande kimoja kimoja, na hata ukipata maji kila siku unahitaji mwezi na zaidi kufunga uwanja. Zipo nyasi za kukatwa na udongo wake zikatandazwa siku hiyohiyo, ila bei yake ni nyingine kabisa, na bei hiyo aliikataa mwenyewe. "Kwani nyasi si nyasi, dada?" Nikanyamaza. Ukijibu swali kama hilo ukiwa na koleo mkononi unaweza kupoteza mteja.

Simu haijapoa, ujumbe wa baba mwenye nyumba, yuko safari Dodoma: nyasi niziache, mafundi watandike pevingi uwanja mzima ili gari lisiingie na tope. Salasala ni mlima. Ukifunika kiwanja chote kwa pevingi, mvua ya masika haina pa kunywewa, inashuka yote kwa jirani wa chini, halafu jirani anakuja na mjumbe. Sikumjibu. Niliutuma ujumbe wake kwa mkewe kama ulivyo. Nikapata nusu saa ya utulivu.

Kisha maji. Tangi la nyumba lilikuwa tupu, mafundi wamelimaliza kwenye zege. Boza likaagizwa, dereva akasema saa 7. Miche ya bogenvilia na vifurushi vya ukoka tukavisogeza chini ya mwembe, tukavifunika kwa magunia tuliyoyalowesha na maji ya kunywa. Saa 7 ikapita. Saa 8 dereva yuko "hapo kwenye kona." Saa 9 hapokei. Dada wa kazi wa nyumba ile, binti mdogo tu, akatuletea ugali na dagaa bila kuombwa na mtu. Tulikula tumekaa juu ya viroba vya udongo mbovu. Huyo binti ndiye atakayemwagilia bustani hii mwaka mzima, kwa hiyo nilimfundisha yeye kila kitu: asimwagilie jua la mchana, mbolea ya kuku mbichi isikaribie miche maana inaunguza mizizi, mchicha achume baada ya wiki tatu au nne asisubiri ukomae. Alikuwa anaelewa haraka kuliko wote walionipigia simu siku ile.

Boza lilifika jua limeshainama. Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kamba, shimo, kipande chenye vifundo, kandamiza kwa kidole gumba, sogea shubiri. Mgongo unaanza kuuma kiunoni, halafu unapanda, halafu unaacha kuuma na hapo ndipo unajua kesho utajuta. Watu wanasema hii ni kazi ya asiye na kazi. Waje washike mstari mmoja, kutoka getini hadi barazani, wameinama.

Tulipanda nusu ya mbele. Nusu nyingine nikamwambia mama apange viti vya wageni hapo hapo, udongo tumeushindilia. Malipo: "Nitakurushia jioni." Ikaingia nusu.

Foleni ya Tegeta siielezi, mnaijua.

Nyumbani Mabwepande nimefika giza. Nyumba yetu imefika lenta, tumeezeka vyumba viwili tunakaa humo, vingine vinasubiri. Nyasi sina hata moja. Nina madumu yaliyokatwa na mifuko ya saruji tuliyokwisha kutumia, ndani kuna matembele, bilinganya na chainizi, na watoto wanavimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele. Mdogo akaniita na tochi: chini ya majani ya chainizi vidukari vimejipanga. Tukakoroga sabuni kidogo kwenye maji, tukanyunyiza, yeye ameshika tochi, mimi nageuza jani moja moja. Majirani wawili walikuja kununua matembele wakati huohuo. Hiyo hela haiendi jikoni, inaenda kwenye mabati.

Saa 3 na nusu usiku simu ikalia. Mama wa Salasala. Hajauliza kuhusu nusu iliyobaki. Ametuma picha ya chemchemi ya maji yenye samaki wa rangi, na chini ameandika: "Dada, na hii inawezekana kabla ya Jumamosi?"

Nikamwandikia bei. Chini yake nikaandika salio la leo.