Barua ya Mistari Mitatu

Asubuhi ile ya Ijumaa mkurugenzi aliniita ofisini kwake kabla sijatua hata mkoba, akaniambia nimwandikie barua ya kuachishwa kazi fundi wetu wa mashine ya kukatia karatasi, na iwe tayari mezani kwake kabla ya saa nne. Nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya uchapaji yenye wafanyakazi 14, na mimi ndiye niliyetunza mafaili ya watumishi, daftari la mahudhurio na hati za mishahara. Nilimwuliza niandike sababu gani. Alijibu kwamba kampuni ni yake, na kwamba mwenye mali halazimiki kumweleza mtu kwa nini hamhitaji tena.

Fundi yule sote tulimwita Mzee, mkurugenzi mwenyewe akiwemo, ingawa alikuwa hajafikisha miaka 50. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ile kwa miaka 9, tangu kampuni ilipokuwa na watu wanne tu. Alikuwa na kawaida ya kupitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa rundo la karatasi kila baada ya kulikata, na kwa kugusa tu aliweza kusema kwamba kisu kimeanza kuwa butu, siku mbili au tatu kabla sisi wengine hatujaona karatasi zikichanika. Wiki ile alikuwa amekosa kazini kuanzia Jumatatu hadi Jumatano kwa sababu ya mgongo, na Alhamisi alirudi na cheti cha daktari, nikakipokea, nikakipiga muhuri wa tarehe na kukiweka kwenye faili lake. Kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa nimeandika herufi M kwa penseli katika siku zile tatu, yaani mgonjwa, kwa kuwa utaratibu wetu ulikuwa kuandika kwa penseli kwanza na kupitia kwa wino mwisho wa mwezi.

Sababu, basi, nilikuwa naijua. Jumanne, wakati Mzee akiwa amelala kwake, kazi moja kubwa ya mteja ilichelewa, na mteja akamfokea mkurugenzi mbele yetu.

Hakuwa wa kwanza. Katika mwaka mmoja na nusu niliokuwa nimekaa pale, watu watano walikuwa wameondolewa, na hakuna hata mmoja aliyepewa barua ya onyo au kuitwa ajieleze. Dada wa mapokezi aliondolewa kwa sababu mkurugenzi alipiga simu mara mbili akakuta laini inatumika, kumbe alikuwa anaongea na mteja. Dereva aliambiwa arudishe funguo jioni ya siku aliyodai malipo ya saa za ziada za miezi miwili. Kijana wa kufunga vitabu alikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, uliokuwa ukihuishwa kila mara hadi ulipokaribia muda ambao angestahili kiinua mgongo, na hapo ndipo kibarua chake kilipoota nyasi. Kila mmoja alipoondoka, kazi zake tuligawiwa sisi tuliobaki, tukiambiwa kwamba ni kwa muda tu, na muda huo haukuisha, wala mshahara haukuongezeka. Mtu asiyewahi kufanya kazi mahali pa namna hiyo anaweza kudhani kwamba tuliobaki tulikuwa na bahati. Tulikuwa tunaamka na hofu na kulala na hofu. Tulijifunza kusikiliza funguo za mkurugenzi zinavyolia anapopanda ngazi, na kwa mlio wake tulijua kama siku ile tunaweza kuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali au tunyamaze.

Katika kampuni kubwa angalau kuna ofisi ya utumishi, kuna kanuni zilizoandikwa, na kuna mtu wa pili wa kumwendea wa kwanza anapokuonea. Kwetu sisi mtu aliyekuajiri ndiye aliyekulipa, ndiye aliyekushtaki, ndiye aliyekuhukumu, na rufaa ilikuwa kwake yeye yule.

Niliiandika barua. Hilo nalisema waziwazi, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia kwamba sikuwa na la kufanya, nami najua kwamba nilikuwa na uwezo wa kukataa, hata kama ningelipoteza kazi siku hiyohiyo. Ilikuwa na mistari mitatu: kwamba kampuni imeamua kusitisha ajira yake kuanzia tarehe ya barua, kwamba akabidhi vifaa vyote, na kwamba anatakiwa kuondoka eneo la kazi mara moja. Haikutaja notisi, haikutaja siku zake za likizo alizokuwa anadai, na wala neno asante halikuwemo. Mkurugenzi aliitia saini bila kuisoma. Kisha alilivuta daftari la mahudhurio, akaziona zile M tatu, akaniambia nizifute na kuandika U, yaani utoro.

Hapo mkono wangu ulikataa. Nilimwambia, "Bosi, cheti chake cha daktari ninacho, nimekipiga muhuri." Alinitazama kwa muda, akasema nikilete pamoja na faili lote, niliweke mezani kwake mchana. Nilirudi kwenye meza yangu, nikakitoa kile cheti ndani ya faili, nikatoa nakala ya ukurasa wa daftari kwa mashine yetu ya nakala, nikavitia vyote viwili mkobani. Sikuwa nimepanga kuvifanyia lolote. Niliogopa tu kwamba vikiingia chumba kile havitatoka.

Mzee aliipokea barua yake akiwa amesimama karibu na mashine, mikono ikiwa na vumbi la karatasi. Aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, akaisoma tena, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kosa langu liko wapi humu?" Nilishindwa kumjibu. Aliifuta mashine kwa kitambaa kama alivyofanya kila jioni, akaning'iniza koti la kazi kwenye msumari wake, akawaaga wenzetu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeacha kazi kumsindikiza, kwa kuwa mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

Jumatatu jioni nilimkuta ananisubiri barabarani. Aliniuliza kama kile cheti chake cha hospitali bado kipo. Nilifungua mkoba, nikampa pamoja na ile nakala ya daftari. Siku ya pili yake akavipeleka ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi, akafungua shauri.

Ni wakati wa shauri lile nilipokaa chini kusoma kile ambacho karani wa utumishi alipaswa kukijua tangu siku ya kwanza. Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1982, unasema katika ibara ya 4 kwamba ajira ya mfanyakazi haitasitishwa pasipo sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Ibara ya 6 inasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa au jeraha si sababu halali. Ibara ya 7 inataka anayetuhumiwa kwa mwenendo au utendaji wake apewe kwanza nafasi ya kujitetea, isipokuwa pale ambapo mwajiri hawezi kutarajiwa kumpa nafasi hiyo, na ibara ya 9 inataka mzigo wa kuthibitisha usimwelemee mfanyakazi peke yake. Nilisoma nikiiona barua yangu ya mistari mitatu ikivunja kila kimoja. Lakini nilisoma pia ibara ya 2, inayoruhusu nchi kuwaweka nje ya ulinzi huo baadhi ya wafanyakazi kwa kuzingatia, pamoja na mambo mengine, ukubwa wa mahali wanapofanya kazi, nayo iliniuma sana. Nchi nyingi hazijauridhia mkataba wenyewe hadi leo, na hata katika zilizouridhia, mlango huo umeachwa wazi kwa watu kama sisi 14. Nafahamu hoja ya wanaoutetea: biashara changa haiwezi kubeba taratibu za shirika kubwa. Lakini kumwita mtu, kumwambia kosa lake na kumsikiliza kwa dakika 20 hakugharimu kitu, na hakuna biashara iliyo ndogo kiasi cha kushindwa hilo.

Mkurugenzi alidai mbele ya msuluhishi kwamba Mzee alikuwa mtoro. Msuluhishi aliweka cheti juu ya meza, akaweka na nakala ya daftari pembeni yake, akamwuliza ni nani aliyepiga muhuri ule wa tarehe. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya malipo tu. Mzee alilipwa notisi, likizo yake na kiinua mgongo cha miaka 9, kwa awamu mbili. Kazini hakurudishwa, na mashine ile alipewa kijana ambaye hakuwa amefundishwa.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha utumishi, ambacho Mzee alikidai ili aweze kutafuta kazi kwingine. Nilikichapa mimi, katika wiki yangu ya mwisho pale, maana nilikuwa nimekwisha kutoa notisi yangu ya mwezi mmoja. Kilijaza ukurasa mzima: miaka, mashine alizozimudu, aina ya kazi alizokata, na vijana watatu aliowafundisha. Safari hii sikumwuliza mkurugenzi niandike nini.