Miezi kumi na hajakaa: tuliyofanya na mwanangu

Mwanangu alipotimiza miezi kumi alikuwa bado hajakaa mwenyewe. Nyumbani Wete, Pemba, kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, huyu mzito tu, hata baba yake alichelewa." Shangazi mtu akataka tumfukie mchangani hadi kiunoni mgongo upate nguvu. Niliwaitikia kwa adabu, nikachukua kadi ya kliniki nikaondoka.

Kila mtoto na wakati wake, sawa, lakini wakati huo una mpaka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, takriban watoto wote wenye afya huwa wameshakaa wenyewe wakifika miezi tisa na siku kidogo, na wameshatembea kabla ya mwaka na nusu.

Daktari alianza kwa maswali. Alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano? Degedege je? Alikuwa akitafuta dalili za mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayokaza au kulegeza misuli. Kisha akamlaza chali, akamshika viganja na kumvuta taratibu akae. Kichwa kikafuata kwa kuchelewa kidogo tu. Akamfungua ngumi, vidole havikukaza. Akatazama kama miguu inapishana kama mkasi, haipishani. Mwisho akamvuta kope la chini: jeupe. Kupimwa, wingi wa damu gramu 7.8 kwa desilita, na kwa umri ule haitakiwi kushuka chini ya 10.5. Malaria hana.

Damu na kukaa vinahusiana vipi? Akanieleza kuwa ubongo unaokua unahitaji madini ya chuma kujenga utando wa mishipa ya fahamu, ndiyo amri zifike upesi kwenye misuli. Tena mtoto mwenye damu ndogo huchoka, hachezi, na asipocheza hajifunzi. Baadaye nikajua kwamba jambo hili limechunguzwa hapahapa Pemba: utafiti uliotoka 2001 ulionyesha madini ya chuma yaliwasaidia watoto katika lugha, na katika matumizi ya viungo yaliwasaidia wale tu ambao damu yao ilikuwa chini ya 9.

Lakini msikimbilie duka la dawa. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mwingine, pia wa Pemba: watoto waliopewa madini hayo na foliki, vitamini ya kujenga damu, kila siku bila kupimwa kwanza, wakati malaria imejaa, waliugua hadi kulazwa au kufa zaidi ya wasiopewa. Pima kwanza.

Tulipewa dawa ya maji ya kuongeza damu. Kinyesi kiligeuka cheusi, nesi alishanitahadharisha. Uji nikautia unga wa dagaa, matembele nikayapondaponda, na chungwa baada ya chakula. Chai ya rangi ilikuwa vita. Bibi mtu alizoea kumchovyea mkate, nami nikamwambia inazuia madini yasiingie mwilini. Alinuna, kisha akaacha.

Mazoezi nilionyeshwa na mtaalamu wa viungo. Kulala kifudifudi akiwa macho, nami nikitikisa kifuu mbele yake ainue kichwa. Kukaa katikati ya miguu yangu mkekani, nimemshika nyonga na si kifua, mgongo ufanye kazi yenyewe. Kutambaa, nilimwachia aende upande anaotaka mwenyewe. Mimi nilisogeza tu kifuu mbali kidogo.

Alikaa kabla ya kutimiza mwaka, na kutembea karibu na miezi kumi na saba. Maneno bado machache, kwa hiyo kliniki ijayo anapimwa masikio.