Nilivyoziingiza ramani za mzee kwenye kompyuta kwa skana ya A4

Mtaani kwetu Isevya hapa Tabora kuna mzee mpima ardhi mstaafu, ana ramani za 1:50,000 (sentimita moja ni mita 500 ardhini) za enzi zile, zimekunjwa mpaka zinakatika kwenye mikunjo na mchwa wameshaanza pembeni. Nikamwomba niziskani kabla hazijaisha, akasema sawa mwanangu ila zisitoke hapa mtaani. Skana kubwa za ramani gharama yake siyo ya kwetu kabisa, kwahiyo nikaazima ya A4 kwa dada wa stesheneri, Jumapili akiwa amefunga.

Kwanza ni kunyoosha. Nilizibana katikati ya mbao mbili na matofali juu, siku kadhaa, basi. Pasi hapana, na selotepu msiguse jamani, ile gundi inageuka njano na kuila karatasi.

Ramani moja, ile sehemu iliyochorwa tu, ni kama sentimita 55 kwa 55, so inataka vipande sita vya A4 vinavyopishana kidogo, na pembezoni zinaongeza vingine. Ng'oa mfuniko wa skana karatasi ipate pa kutandazika, kandamiza na ubao mwepesi. Mi nilitumia dpi 300, yani nukta 300 kwa kila inchi, hapo pikseli moja ni kama mita 4 ardhini, na mstari wa milimita 0.2 tayari ni mita 10, yani 600 inaongeza faili mara nne bila faida kubwa. Vipande nikaviunga na Hugin, programu ya bure ya kuunga picha. Save kwa TIFF, JPEG ukiifungua na kuisevu tena na tena inachakaa.

Sasa hapa ndo penye uzito wa kazi yote, PEMBEZONI. Watu wengi wanaskani mchoro tu wanaacha maandishi ya chini, na ukiacha yale picha inabaki picha tu. Pale chini za kwetu zimeandikwa Clarke 1880 (Modified), Arc 1960, UTM kanda 36, yani umbo la dunia, mfumo wa vipimo na gridi vilivyotumika kuichora, so kwenye QGIS, programu ya ramani inayoiweka picha mahali pake ardhini, unachagua EPSG 21036, namba ya mfumo huo. Wa Kigoma mjini mpo magharibi ya longitudo ya nyuzi 30, nyie ni kanda 35, yani 21035. Ukiichukulia kama WGS 84, mfumo wa GPS, ramani yote inahama karibu mita 300, na mita 300 kijijini ni shamba la mtu mwingine kabisa! Zipo na za zamani zaidi zenye gridi nyingine, kwahiyo soma kila karatasi yenyewe, usikariri.

Pointi za kuifunga picha na vipimo vyake vya ardhini naweka kwenye makutano ya gridi, zisambae karatasi nzima, kona na katikati. Kama karatasi imevutika kuna thin plate spline, njia ya QGIS inayoivuta picha ipite kwenye kila pointi, ila angalia, hiyo inakuonyesha kosa sifuri hata pointi ikiwa mahali pabaya, so anza na polynomial 1, njia rahisi isiyoipinda picha, uone pointi ipi inaruka ndo uhamie hiyo. Kupima mwisho natumia reli ya zamani, siyo SGR, pale inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, maana ya Kigoma ipo tangu 1914 na ya Mwanza 1928. Ikilala juu ya picha ya setilaiti nimemaliza.

Faili moja inavuka MB 100. Nimeweka kopi kwenye diski mbili, moja kwangu moja kwa mzee, na majina ya faili ni namba ya karatasi pamoja na mwaka uliochapwa palepale chini.