Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli

Kocha alitaka nipande milima, na Tanga mjini milima hatuna. Baiskeli zimejaa kila mtaa, lakini mji wenyewe ni tambarare. Basi nikapakia yangu kwenye buti la basi, nikashukia Mombo asubuhi.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Ukipiga hesabu ni mwinuko wa asilimia 3, kitu kidogo. Hesabu haikwambii kwamba sehemu kubwa ya mlima iko kabla ya Soni, barabara inapojikunja kwenye kingo za korongo, mto chini, mwamba juu, na kosta inakupigia honi ikiwa imeshakufikia mgongoni.

Mpango ulisema dakika 5 kwa nguvu, 3 za kupoa. Tangu nianze kujiandaa kwa mashindano naendesha hivyo, macho kwenye kimashine cha usukani. Muheza nimepita, Pangani nimefika. Niulize nilichokiona huko, nitakutajia mapigo ya moyo.

Kwenye kona moja nikamkuta mzee anasukuma Phoenix, nyuma kafunga gunia la mchele wa Mombo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapeleka nini huko juu?"

"Sipeleki kitu, mzee. Mazoezi tu."

Akanitazama. "Huna mzigo, na unahema kunishinda mimi!"

Nilicheka mpaka nikashuka. Tukasukuma pamoja, kimashine kikilia kwamba nimechelewa kipindi cha nguvu, nikakizima. Mzee akanieleza kwamba akishuka na kabichi, breki yake ni kandambili: anaikandamiza kwenye tairi la nyuma. Nina breki za diski na sijawahi kuziamini kiasi hicho. Tukaagana alipochepuka kwenda kwao.

Soni nikala mapeasi kando ya barabara, kwa kukaa kabisa. Baada ya hapo mlima unalegea. Lushoto sikusimama, nikaunganisha hadi Irente, ukingoni mwa Usambara, ambapo unaiona Mazinde kwa chini na mashamba yake ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari.

Halafu mteremko. Utotoni tulikuwa tunakodi baiskeli kwa raundi, mguu tunaupitisha chini ya mtalimbo kwa sababu siti hatuifikii, na mwenye baiskeli anatufukuza muda ukiisha. Zile kona za kushuka kutoka Soni nilizichukua kwa furaha ileile, nikiimba kwa sauti, upepo umejaa mdomoni. Watoto wa shule walipiga kelele, nami nikawajibu kwa kengele. Ndiyo, baiskeli ya mashindano yenye kengele; kocha ananicheka kila siku.

Jioni akaniuliza namba ziko wapi. Nikamwambia hakuna, ila Jumamosi narudi Mombo, na safari hii sihitaji kusukumwa.